Shajara ya mradi: kutoka tangini hadi kwenye injekta

Wiki ya 1, Jumatatu

Lori la tatu ndani ya mwezi mmoja limerudi kutoka uwanja wa majaribio likikohoa. Ni jipya kabisa. Limetembea kutoka mwisho wa laini yetu ya kuunganishia magari hadi langoni na kurudi, basi. Injini ikiachwa ingurume bila kukanyagwa inatetemeka, moshi mweupe unatoka, na silinda moja imelala. Tumefungua injekta zote nne, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, na kuzipeleka Nairobi kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuzipimia. Alinivutia kiti, akaweka sindano ya injekta chini ya hadubini, akasema, "Njoo ujionee mwenyewe, kaka." Niliona mchirizi mmoja kutoka juu hadi chini, umenyooka, kama mtu amepitisha msumari kwenye ukuta uliopakwa rangi jana.

Nafasi kati ya sindano ile na nyumba yake ni mikroni mbili hadi nne, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni sabini hivi. Dizeli inasukumwa humo kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,600, wakati tairi ya lori lenyewe inajazwa baa nane tu. Chembe ngumu ikinaswa mahali kama hapo haina njia ila kukata chuma.

Waliotuuzia injini wamejibu barua yetu kwa aya mbili: uchafu uliingia wakati wa kuunganisha, kwa hiyo gharama ni yenu. Nilitaka kubisha. Nimeisoma barua mara tatu na hoja sina.

Bosi amenipa miezi mitatu. Nitaandika hapa yote yatakayofanyika, yaliyofaulu na yaliyoharibika, kwa sababu najua wenzangu wanaopokea magari vipande vipande na kuyaunganisha wanakutana na jambo hilihili na kuliita bahati mbaya.

Wiki ya 1, Ijumaa

Siku nne nimefuata njia ya mafuta kwa miguu, kituo kwa kituo, nikiwa na chaki mbili mfukoni.

Injini inatufikia ndani ya sanduku ikiwa nzima. Pampu ya presha ya juu, reli (bomba la pamoja linalolisha injekta zote) na injekta vimefungwa hukohuko ilikotoka. Sisi tunaongeza tangi, ambalo tunalitengeneza wenyewe, mipira ya mafuta, filta mbili na viungio vyake. Kila kilicho kabla ya filta kuu nimekipiga chaki nyekundu. Kilicho baada yake nimekipiga ya buluu. Chembe ikiingia upande mwekundu, filta ina nafasi ya kuikamata. Ikiingia upande wa buluu, mbele yake hakuna kitu tena ila pampu na injekta.

Miaka yote nimeamini, na vijana nimewafundisha hivyo, kwamba filta inatukinga. Kumbe upande wa buluu tunaufungua mara nne kabla gari halijatoka. Mpira wa kutoka kwenye filta kwenda kwenye pampu unachomolewa kituo cha pili ili injini ipite chini ya mhimili wa fremu, na unarudishwa kituo cha tano. Katikati hapo inapita saa nzima na zaidi. Zamu ikiisha kabla lori halijafika kituo cha tano, mdomo wa pampu unalala wazi mpaka asubuhi. Jana usiku nilikuta malori mawili hivyo. Moja lilikuwa limezibwa kwa pamba.

Na sisi tuko Athi River. Anayeujua mji huu anavijua viwanda vyake vya saruji na malori ya klinka, mawe yanayosagwa kuwa saruji, yanayopita usiku na mchana. Januari hakuna mvua. Ukipitisha kidole juu ya kabati la lori asubuhi kinarudi cha kijivu.

Wiki ya 2, Jumatano

Mawazo ya kwanza ya kila mtu, yangu pia, yalikuwa chumba safi kama cha hospitali: dari yenye filta, hewa inayoshuka, watu wamevaa nyeupe. Aliyekuja kupima eneo ametuletea bei inayolingana na malori mawili. Bosi aliitazama, akaigeuza karatasi kifudifudi mezani.

Sikutaka kuacha hapo, nikaenda kusoma. Chumba cha aina hiyo kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Willis Whitfield, mwanafizikia wa maabara ya Sandia huko Albuquerque, Marekani. Yeye pia alikuwa anasumbuliwa na vumbi kwenye vipande vidogo vya mashine. Kabla yake watu walikuwa wakipiga deki na kufyonza vumbi kutwa, na bado vipande vinaharibika. Yeye akaijaza hewa iliyochujwa chumbani na kuifanya itembee upande mmoja bila kuzunguka, hadi ikaondoka na vumbi lote. Mpaka leo vyumba hivyo vinapangwa kwa kuhesabu chembe za hewani. Katika kiwango cha ISO 14644, daraja la 8, ambalo wala si la juu, mita moja ya ujazo wa hewa hairuhusiwi kuzidi chembe 3,520,000 zenye nusu mikroni au zaidi.

Lakini sindano yetu haikukatwa na chembe ya nusu mikroni. Ilikatwa na kipande cha chuma. Na kipande cha chuma chenye mikroni mia hakielei hewani kikingojea filta ya dari. Kinaanguka chini kama jiwe, na kinasafiri kwa njia nyingine: juu ya glavu, ndani ya kizibo, kwenye ncha ya spana, kwenye gurudumu la folklifti. Wajerumani waliandika mwongozo mzima kuhusu mazingira ya kuunganishia magari, VDA 19 sehemu ya pili, na wao hawaanzii kwenye dari. Wanaanzia kwenye katoni, mikono na mpangilio wa kazi.

Hilo halina maana kwamba vumbi laini la saruji halidhuru. Linasaga polepole, linapunguza umri wa pampu. Ila dawa yake ni kuziba mapema na kufungua kwa kuchelewa, na hilo halihitaji dari ya gharama.

Nimemwambia bosi tusijenge chumba. Tujenge utaratibu kwanza, na kibanda cha kawaida kwa ajili ya kazi za upande wa buluu. Amekubali haraka mno, nadhani kwa sababu ya ile karatasi.

Wiki ya 3

Mitego ya vumbi. Nilichukua vioo vya hadubini kumi na viwili, nikavibandika utepe unaonata upande wa gundi ukiwa juu, nikaviweka kila kituo kwa siku saba. Nikawaomba watu wasivisogeze. Viwili vilisogezwa, kimoja kiliwekewa kikombe cha chai. Vilivyobaki tisa vinatosha.

Nilitegemea uchafu mwingi langoni. Lango lilikuwa la nne. La kwanza ni kituo cha tatu, chini ya feni kubwa. La pili ni pale stoo inapofungulia katoni: nyuzi za rangi ya kahawia zimejaa kiooni kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Mahali safi kuliko pote palikuwa ukumbi mrefu nyuma ya stoo, ulio wazi kabisa kwa upepo, ambako hakuna mtu anayefanya kazi.

Nimekaa na kioo cha kituo cha tatu jioni nzima. Vumbi la kijivu lipo, lakini juu yake kuna vipande vinavyong'aa, vimejikunja. Hivyo havikutoka kwenye barabara ya saruji. Vimetoka kwenye grinda zetu.

Wiki ya 4, Jumanne

Tangi.

Ninayemwita hapa mzee wa tangi ametengeneza matangi kwa miaka mingi kuliko niliyokaa kazini. Anakata, anakunja, analehemu, anasaga mshono, anapaka rangi. Tangi lake halivuji. Nilipomwambia nataka kulipima ndani, alinitazama kwa muda kabla ya kujibu.

"Kijana, tangi langu nalipiga hewa mpaka linalia. Ndani hakuna kitu."

"Najua, mzee. Nataka tuone pamoja tu."

Kipimo chenyewe kimeelezwa katika ISO 16232, kiwango cha usafi wa vipuri vya magari. Unaosha kipuri kwa kimiminika safi, unakipitisha kile kimiminika kwenye utando wa kuchujia, unakausha utando, unaupima uzito, kisha unautazama kwa hadubini. Tumenunua nyavu za nailoni za mikroni tano, upana milimita 47, faneli ya kioo na pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa. Mizani tumeazima. Kabla ya tangi tulipitisha kimiminika kitupu kwenye vyombo vyote, kwa sababu kama vyombo vyenyewe ni vichafu utakuwa unapima vyombo.

Tuliliosha tangi moja mara sita, utando mpya kila mara. Kanuni ni kwamba mwosho wa mwisho usitoe zaidi ya asilimia kumi ya jumla ya miosho yote. Ukizidi hapo, bado hujamaliza kutoa uchafu na kipimo chako ni cha kubahatisha. Wetu ulifika chini ya hapo kwenye mwosho wa tano.

Utando wa kwanza haukuhitaji mizani. Ulikuwa mweusi. Chini ya hadubini zilionekana tufe ndogo za buluu iliyokoza, laini kama shanga: hayo ni matone ya kulehemu yaliyoruka yakaganda. Kando yake vipande vya grinda vilivyojikunja, magamba ya rangi, nyuzi za pamba, na punje za kijivu. Mzee aliinama kwenye hadubini akakaa hapo muda mrefu. Nilisikia pumzi yake. Alipoinuka hakusema neno, akavaa glavu akarudi kwenye karakana yake.

Sikumfuata. Mtu akionyeshwa kazi yake ya miaka namna ile, mpe nafasi.

Wiki ya 4, Alhamisi

Mzee amekuja mwenyewe saa moja asubuhi na swali: "Utaliosha lini? Kabla ya kupima uvujaji au baada?"

Nilikuwa nimepanga kuosha kwanza, kupima uvujaji baadaye. Akatikisa kichwa. Tangi likishaingia dizeli, tuseme limekutwa linavuja, unalirudisha kwenye moto? Mvuke uliobaki ndani unaweza kulilipua mikononi mwa fundi. Kwa hiyo hewa na povu la sabuni kwanza, likithibitika halivuji, saga, paka rangi nje, ndipo uoshe, na baada ya kuoshwa lisiguswe tena na cheche. Aliongeza la pili: shimo la kutolea mafuta akilitoboa mwanzoni, kabla ya kufunga tangi, vipande vya keekee vitatoka, akilitoboa mwishoni kama afanyavyo sasa, vyote vinaanguka ndani.

Nimebadilisha mpango wangu pale pale, kwa kalamu, mbele yake. Mimi ningekuwa nimewaweka watu hatarini.

Wiki ya 5

Kioshea-tangi kimekamilika: pipa la dizeli safi, pampu, filta mbili zinazofuatana, na kichwa cha kunyunyizia kinachozunguka ndani ya tangi. Hatutumii petroli hata kama inakausha haraka. Katika kiwanda chenye moto wa kulehemu hilo halijadiliwi. Sampuli ya dizeli ya pipani tumeipeleka maabara ili ipimwe kwa ISO 4406, kiwango cha kuhesabu chembe ndani ya mafuta. Kipimo tunachokilenga ni 18/16/13, ambacho watengenezaji wa magari duniani wanakipendekeza kwa dizeli. Maana yake, katika kila mililita moja chembe zinazozidi mikroni nne zisizidi 2,500, zinazozidi sita zisizidi 640, na zinazozidi kumi na nne zisizidi 80. Majibu ya kwanza yalikuwa mabaya kuliko dizeli ya kituo cha mafuta. Pipa lenyewe lilikuwa na kutu. Tumeweka pipa la chuma kisichoshika kutu na kuanza upya.

Halafu tukagundua jambo ambalo limenikosesha usingizi.

Kituo cha tano kinafunga filta kuu. Nilisimama nyuma ya kijana wa hapo, mchapakazi, mwangalifu, nikamtazama. Alichukua filta mpya kwenye katoni, akaing'oa nailoni, akaisimamisha juu ya benchi, akachota dizeli kwenye kopo, akaimimina ndani ya filta hadi ikajaa. Akaimimina katikati, kwenye lile tundu kubwa. Kisha akaikaza.

Filta ya namna hii mafuta yanaingia kwa matundu madogo ya pembeni na kutokea katikati. Katikati ndiko upande wa buluu. Kwa mikono yake, kwa nia njema, kila siku, alikuwa akimimina dizeli ya kopo isiyochujwa moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu ya presha ya juu. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema, kwa heshima, "Ni wewe, mwalimu."

Ni kweli. Nilimfundisha hivyo kwa sababu nami nilifundishwa hivyo, kwenye injini za pampu ya zamani zilizokuwa zikivumilia. Ukijaza filta injini inawaka haraka. Lakini tangu Januari 2015 nchi za ukanda huu zilipoanza kuleta dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, njia ilifunguka kwa injini za komoni reli kama hizi zetu, na mazoea yetu hayakubadilika pamoja na injini. Kuanzia leo filta inafungwa kavu, na mafuta yanavutwa kutoka tangini kwa pampu ya mkono iliyoko juu ya kichwa cha filta mpaka mapovu yaishe. Inachukua dakika nyingi zaidi. Kopo nimelichukua mimi, liko kwenye droo yangu.

Wiki ya 7

Hewa ya kompresa. Kila kituo kina bunduki ya kupulizia na kila mtu anaipenda. Nilifunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bunduki moja, nikaifungulia kwa dakika moja. Kitambaa kilitoka na duara la manjano lenye kitovu cha kahawia: mafuta ya kompresa, maji, na kutu ya bomba. Hicho ndicho tulichokuwa tukikiita kusafisha. Na hata kama hewa ingekuwa safi, kupuliza hakuondoi uchafu, kunauhamishia kwa jirani, tena kwa nguvu inayoweza kuupitisha chini ya kizibo.

Bunduki zimeondolewa vituo vya pili hadi vya tano. Badala yake kuna vakyumu mbili za kufyonzea na vitambaa visivyotoa nyuzi. Matambara ya pamba yamepigwa marufuku kwenye upande wa buluu. Siku tatu za manung'uniko.

Wiki ya 8

Manung'uniko ya bunduki yalikuwa mchezo. Feni ya kituo cha tatu ndiyo vita yenyewe.

Ilikuwa inainua upya kila kilichotua sakafuni na kukirusha juu ya injini zilizo wazi. Niliizima Jumatatu. Kufikia saa sita mchana chini ya mabati yale joto lilikuwa halivumiliki, na mama mmoja wa kituo hicho, mwenye watoto wakubwa kuliko vijana wangu, aliketi chini akashika kichwa. Tukampeleka kivulini, tukampa maji. Nikaiwasha feni mwenyewe.

Nilikuwa nimekosea. Injekta haiwezi kuwa na thamani kuliko mtu anayeifunga. Tumekaa na watu wa kituo hicho na wao ndio walioleta ufumbuzi: feni ihamishiwe upande wa pili, iwapulize watu mgongoni na kutoka nje kupitia mlango wa nyuma, badala ya kuvuta kutoka mlango wa barabarani. Na ile hatua ya kuchomoa mpira wa pampu isifanyike kituo cha pili. Kijana mmoja alionyesha kwamba ukifunga kishikio cha mhimili baadaye kidogo, injini inapita bila kuchomoa chochote. Tumejaribu. Inapita, imebaki nafasi ya vidole viwili.

Kwa badiliko hilo moja, mifunguo minne ya upande wa buluu imekuwa miwili, na yote miwili inafanyika ndani ya kibanda.

Wiki ya 9

Nimetumia juma hili kwa vifaa vya kupimia, kwa sababu kibanda kimepata meza ya chuma na taa nzuri, na spana za torki, zile za kukaza kwa kipimo, zinahakikiwa humo sasa.

Tunavyo vipande vya kupimia urefu, sanduku la zamani lenye vipande vya chuma vilivyosagwa hadi vinang'aa kama kioo. Wazo hili ni la Carl Edvard Johansson wa Eskilstuna, Sweden, mwaka 1896: vipande vichache unavyoweza kuviunganisha kupata urefu wowote unaoutaka. Baadaye, mwaka 1923, alikwenda Marekani kufanya kazi kwa Henry Ford. Uzuri wake ni kwamba viwili vikiwa safi kabisa, ukivitelezesha kimoja juu ya kingine, vinashikana bila gundi na bila sumaku.

Nilitaka vijana waone. Nilivaa glavu, nikafuta kipande cha milimita kumi na cha milimita tano kwa spiriti na kitambaa laini, nikaviweka pembe kwa pembe, nikavisukuma taratibu huku nikivizungusha. Unasikia vidoleni pale vinapoanza kukataa kuteleza. Nikavinyanyua kwa kushika cha juu peke yake na cha chini kikaja nacho. Kisha nikamwomba mmoja wao apitishe kidole gumba kikavu juu ya uso wa kimoja, mara moja tu. Havikushikana tena. Kidole chake kilikuwa kimeacha ukuta ambao jicho halioni.

Kwenye sanduku letu vipande vitatu vina alama za vidole zilizoliwa na kutu. Chumvi ya jasho la mtu fulani imechora ramani ya mkono wake kwenye chuma, na haitafutika. Tumeviondoa kazini. Kuanzia sasa: glavu, kufuta, mafuta mepesi ya kuzuia kutu kabla ya kurudisha sandukuni. Na kungoja. Vipimo hivi ni sahihi kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma hurefuka mikroni kumi na moja na nusu hivi kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja. Kipande cha milimita mia ukikishika mpaka kikapata nyuzi 30, umeshakirefusha kwa mikroni kumi na moja na nusu hivi. Safi lakini cha moto, bado kinadanganya.

Wiki ya 10

Jambo fupi. Sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini ya pikapu ina utando mwembamba unaopashwa moto. Vumbi likiganda juu yake inasoma hewa pungufu. Zilikuwa zinafika safi na kufungwa chafu. Mkosaji ni mfuko wa plastiki. Hewa ya msimu huu ni kavu, ukiuchomoa mfuko kwa kasi unajaa umeme tuli, na plastiki ya sensa inavuta vumbi kama kitana kilichosuguliwa kwenye nywele. Tunaufungua mfuko taratibu sasa, kwa mkasi, fundi akiwa amevaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, na sensa ndiyo kitu cha mwisho kufungwa kwenye njia ya hewa.

Wiki ya 11

Mvua imeanza. Vumbi limetulia nje, ndani tope la udongo mweusi. Magurudumu ya folklifti yanalileta hadi kituo cha nne, linakauka, linasagika. Tumechora mstari wa manjano: folklifti ya nje inaishia hapo, ndani kuna mikokoteni isiyotoka. Katoni nazo zinaishia kwenye mstari huohuo. Dada wa stoo anafungua pale na kuhamishia vitu kwenye makreti ya plastiki yanayooshwa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba makreti yakipangwa bila mfuniko, la juu linadondoshea la chini uchafu wa kitako chake. Mifuniko imeagizwa.

Wiki ya 12

Pigo. Lori lililopita njia mpya yote limerudi na injekta moja inayovuja. Nilijisikia vibaya kiasi cha kushindwa kula.

Tuliosha mipira na viungio vyake kwenye utando. Hakukuwa na chuma wala saruji. Kulikuwa na nyuzi nyekundu za plastiki, nyembamba, zilizojipinda. Vizibo vyetu vipya! Tulivinunua kwa bei nafuu, vya kukaza kwa kuzungusha, na mkunjo wa pembeni ulioachwa na kalibu ya kiwandani unakatwa na meno ya kiungio kila unapokaza. Tulikuwa tukiuchonga uchafu mdomoni mwenyewe mwa pampu, kwa kifaa kilichokusudiwa kuuzuia.

Tumerudi kwenye vizibo vya kuchomeka, vya plastiki laini isiyokatika, na kila shehena mpya vizibo vitano vinaoshwa kwenye utando kabla stoo haijaipokea. Kizibo kilichoanguka sakafuni kinatupwa. Hakipanguswi suruali.

Wiki ya 13, Ijumaa

Malori kumi na manne yamepita tangu vizibo vibadilishwe. Yote yanatulia. Ni machache mno kwangu kutamka lolote la uhakika, na nitaendelea kuosha tangi moja kila juma na kuupima utando wake.

Wa leo ulikuwa wa rangi ya krimu, una nukta chache tu ambazo ilibidi nizitafute. Tufe za buluu zilikuwa mbili. Mzee wa tangi alizihesabu yeye mwenyewe, akaniambia zimetoka kwenye mshono wa mdomo wa kujazia, mahali ambapo kifyonzeo chake hakifiki, na kwamba Jumatatu atakuja na mdomo uliolehemiwa pembeni kabla ya kuunganishwa na tangi. Ameomba utando ule na ule mweusi wa kwanza. Nimempa vyote viwili ndani ya karatasi ya nailoni.

Jumatatu pia tunaanza mabomba ya breki. Mafundi wa kituo cha sita wamesikia, na tayari wameniuliza kama bunduki yao ya hewa itachukuliwa.